Mwale uliochora picha: televisheni za kichogo na mafundi wa Kariakoo

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, televisheni bapa zimepangwa ukutani hadi darini, ilhali televisheni za kichogo, yaani zile zenye mgongo mrefu uliochomoza kwa nyuma, zimebaki kwenye vibanda vichache vya mafundi na juu ya mikokoteni ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Zimeondoka haraka kiasi kwamba kijana anayenunua televisheni leo hana sababu ya kujua kwamba, tangu Zanzibar ilipoanza kurusha matangazo ya televisheni hadi kuingia miaka ya 2010, karibu kila picha iliyoonekana sebuleni, katika baa na katika mabanda ya video ya Tanzania ilichorwa na mwale mwembamba wa elektroni uliokimbia ndani ya chupa ya kioo isiyo na hewa. Kariakoo ndipo chombo hicho kilipouzwa, kilipoharibika na kilipotengenezwa, na ndipo ilipodhihirika sifa yake ambayo vitabu vya historia ya uvumbuzi huigusia kwa nadra, nayo ni kwamba fundi wa mtaani aliweza kukielewa chote, kuanzia waya unaoingia ukutani hadi nukta ya mwisho ya rangi.

Elektroni ni chembe yenye chaji hasi inayopatikana katika kila atomu, na uzito wake haufikii hata sehemu moja ya 1,800 ya uzito wa atomu ya haidrojeni, ambayo ndiyo nyepesi kuliko atomu zote. Wepesi huo ndio unaoifanya ifae kuchora picha, kwa sababu ikivutwa kwa umeme hupata kasi kubwa papo hapo, na ikipita katika uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, hupinda njia yake bila kuchelewa. J. J. Thomson alithibitisha kuwapo kwa chembe hiyo mwaka 1897 huko Cambridge, Uingereza, na mwaka huohuo Karl Ferdinand Braun, mwanafizikia wa Kijerumani aliyefanya kazi Strasbourg, alitengeneza bomba la kioo ambalo ndani yake mwale wa elektroni uligonga kigae kilichopakwa madini yanayong'aa, ukaacha nukta ya mwanga iliyoweza kusogezwa kwa sumaku. Braun alitaka kuona mawimbi ya umeme tu, na Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 1909 pamoja na Marconi ilihusu redio wala haikuligusa bomba hilo. Waliotambua kwamba nukta inayosogea inaweza kuwa picha ni wengine: Boris Rosing wa St. Petersburg mwaka 1907, Kenjiro Takayanagi wa Japani aliyeonyesha herufi moja ya Kijapani kwenye bomba la aina hiyo mwaka 1926, na Philo Farnsworth wa Marekani ambaye Septemba 1927, mjini San Francisco, alirusha picha ya mstari mmoja kwa umeme mtupu, bila gurudumu lolote la kuzunguka.

Bomba la picha, ambalo mafundi huliita picha tyubu, lina shingo nyembamba kwa nyuma na kioo kipana kwa mbele, na kati yake kuna sehemu yenye umbo la faneli. Ndani ya shingo kuna kathodi, ambayo ni kikombe kidogo cha chuma kilichopakwa oksidi za bariamu na strontiamu, kinachopashwa moto na uzi wa umeme unaong'aa rangi ya chungwa. Kikishapata moto elektroni huchoropoka usoni mwake, na kwa kuwa moto huo huchukua sekunde kadhaa kukolea, televisheni za aina hii zilitoa sauti kabla ya picha. Mbele ya kathodi kuna vikombe vingine vyenye matundu, kimoja kikizuia au kuachia elektroni ili nukta iwe na mwanga hafifu au mkali, na vingine vikiukusanya mwale uwe mwembamba. Ukuta wa ndani wa faneli umepakwa grafiti na kuunganishwa na umeme wa takriban volti 25,000 katika televisheni za rangi, ukilinganisha na volti 230 za ukutani, na mvuto wa umeme huo huzifikisha elektroni kwenye kasi ya kilomita 90,000 hivi kwa sekunde, karibu theluthi moja ya kasi ya mwanga. Hewa yote hutolewa ndani ya bomba, maana molekuli zake zingezigonga elektroni na kuzitawanya kabla hazijafika. Zinapofika kwenye kioo, zinakutana na tabaka la fosfori, jina la jumla la madini yanayogeuza nguvu ya elektroni kuwa mwanga, na ambayo licha ya jina hilo si lazima yawe na fosforasi.

Mwale ukiachwa hivyo hutoa nukta moja tu katikati ya kioo. Ili nukta iwe picha, shingo ya bomba huvikwa koili za shaba, ziitwazo yoki katika lugha ya kazi, ambazo umeme wake hubadilika kwa mpango: jozi moja huuvuta mwale kutoka kushoto kwenda kulia mara 15,625 kwa sekunde, na jozi nyingine huushusha kutoka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde, mithili ya jicho la msomaji wa gazeti linavyoshuka mstari kwa mstari. Katika mfumo uliotumika Tanzania picha moja ilikuwa na mistari 625, iliyochorwa kwa mikupuo miwili, kwanza ile ya namba witiri na kisha ile ya namba shufwa, hivyo kwamba picha kamili 25 zilipita katika kila sekunde. Kwa kitambo chochote kile, kilichokuwa kikigongwa na mwale kwenye kioo kizima ni nukta moja tu. Picha yenyewe ilikamilishwa na mng'ao wa fosfori unaodumu kidogo na jicho la mwanadamu lisilowahi kugundua udanganyifu huo.

Afrika Mashariki iliupokea mwale huo kwa nyakati tofauti. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, lakini Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini, ikaweka nguvu zake katika redio, ambayo mwaka 1973 ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya hadi vijijini. Zanzibar ikafuata njia yake, na chini ya uongozi wa Aboud Jumbe, mwanzoni mwa mwaka 1974, visiwa hivyo vilikuwa na televisheni ya rangi, ya kwanza ya aina hiyo kusini mwa Sahara, wakati Afrika Kusini pamoja na utajiri wake ilisubiri hadi mwaka 1976. Soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilipofunguliwa Desemba 1975, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Waliokuwa na seti jijini Dar es Salaam walisimamisha antena ndefu zilizoelekezwa Unguja, ng'ambo ya bahari ya kilomita 70 hivi, wakaridhika na picha iliyokuja na kuondoka kulingana na hali ya hewa.

Mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na pamoja na vitenge, baiskeli na redio kaseti zikaanza kuingia televisheni na deki za video. Vituo vya kwanza vya Bara, CTN na ITV, vilianza mwaka 1994, na cha taifa kikafuata miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hiyo kwa karibu mwongo mzima seti nyingi za Dar es Salaam zilitumika zaidi kuonyesha kanda kuliko kupokea matangazo. Ndipo yakashamiri mabanda ya video, ambamo seti moja ya inchi 21 iliwatosha watazamaji waliobanana kwenye mabenchi, na ndimo alimopatia jina Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyezifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe. Waliotaka picha kubwa zaidi walihitaji projekta ya mabomba matatu, moja la nyekundu, moja la kijani na moja la bluu, ambayo picha zake hulazwa moja juu ya nyingine kwenye turubai jeupe kwa lenzi; chombo hicho kilikuwa kizito, ghali na chenye kudai marekebisho ya mara kwa mara, na wenye mabanda hawakukipa nafasi.

Rangi iliongeza ugumu wa kazi. Bomba la rangi lina miale mitatu, kila mmoja ukitoka kwenye kathodi yake, na kioo chake kimepakwa vinukta au vistari vya fosfori za aina tatu. Ili mwale wa nyekundu usiguse fosfori ya kijani, nyuma kidogo ya kioo huwekwa bamba jembamba la chuma lenye matundu laki kadhaa, na kwa kuwa kila mwale unalifikia tundu kwa pembe yake, kivuli cha bamba hilo huufanya uangukie rangi yake pekee. Gharama ya usahihi huo ni kubwa, maana takriban asilimia 80 ya elektroni huishia kwenye bamba na kuwa joto. Kuhusu namna ya kuusafirisha ujumbe wa rangi hewani, Zanzibar na baadaye Bara zilitumia mfumo wa PAL, uliotambulishwa mwaka 1963 na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken ya Ujerumani, ambao hugeuza sehemu moja ya ishara ya rangi katika kila mstari wa pili ili makosa ya njiani yafutane yenyewe.

Mafundi waliovipokea vyombo hivi Kariakoo walikuwa wametoka kwenye redio, kazi iliyokuwa na mizizi nchini kutokana na redio zilizounganishwa na Philips mjini Arusha na Matsushita jijini Dar es Salaam. Transista, kapasita na transfoma walizijua. Jambo jipya kwao lilikuwa mwale, na hapa ndipo penye utamu wa habari hii, kwa sababu mwale una tabia ya kuitangaza hitilafu yake waziwazi. Televisheni inayoonyesha mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo, huku kwingine kukiwa giza tupu, humtisha mwenye mali, lakini fundi huona humo orodha ndefu ya vitu vizima: umeme wa ndani upo, volti elfu nyingi zipo, kathodi inawaka na koili ya ulalo inafanya kazi, isipokuwa koili ya kushusha ndiyo iliyokosa umeme, pengine kwa sababu ya risasi ya kuchomelea iliyopasuka mguuni mwa kifaa kimoja. Kazi ya kwanza ya fundi mzuri ilikuwa kupunguza mwanga mara moja, la sivyo mwale uliorundikana mahali pamoja ungeichoma fosfori na kuacha kovu la kudumu.

Kioo kilichojaa rangi moja kali, chenye vistari vya mshazari vinavyokatiza, kilimwambia kwamba kathodi moja kati ya tatu imekosa wa kuizuia na inamwaga elektroni hata wakati mwale unaporudi juu kuanza upya. Picha iliyosinyaa pembeni, hasa nyakati za jioni umeme wa mtaa ulipopungua, ilimwelekeza kwenye sehemu ya kugawa umeme kabla hajafungua hata skrubu moja. Mlio wa kukaanga na harufu kali ya hewa iliyochomwa na umeme vilikuwa ugonjwa wa pwani: volti elfu nyingi huvuta vumbi, vumbi hufyonza unyevu wa masika, na unyevu huo hufungulia umeme njia ya kuruka nje ya waya wake. Bomba lililozeeka lilijulikana kwa picha iliyofifia na kuchelewa kutokea, dalili ya kathodi iliyochoka, na wapo mafundi waliozungusha waya kwenye kiini cha transfoma ya volti kubwa, iitwayo flaibeki, ili kuuongezea moto kidogo uzi wa ndani na kuliongezea bomba maisha. Watengenezaji hawakuipenda mbinu hiyo, ila ilifanya kazi.

Madoa ya kijani na zambarau kwenye kona ndiyo yaliyoeleza fizikia kwa uwazi kuliko yote. Mara nyingi chanzo chake kilikuwa spika kubwa iliyowekwa kando ya televisheni, kwa sababu sumaku ya spika hulisumakisha bamba la matundu, na bamba lililosumakishwa huipinda miale kidogo kabla ya kuingia kwenye matundu, kila mwale ukaangukia rangi isiyo yake. Kila televisheni ya rangi ilibeba dawa ya tatizo hilo, nayo ni koili iliyozunguka ukingo wa kioo na kupitishiwa umeme kwa muda mfupi kila seti inapowashwa, ikitoa mguno ambao wengi waliusikia bila kuuliza maana yake. Doa lilipokuwa sugu, fundi alichukua koili ya mkononi, akaizungusha mbele ya kioo na kurudi nyuma polepole, ili sumaku inayogeukageuka idhoofike kidogo kidogo hadi iliyokuwa ndani ya bamba ipotee. Hata sumaku ya dunia ilihesabika, kwani watengenezaji waliyarekebisha mabomba kwa kuzingatia kama yatatumika kaskazini, kusini au karibu na ikweta, na seti ya mtumba iliyotoka Ulaya, ambako mistari ya sumaku ya dunia huinamia ardhini, ingeweza kufika Dar es Salaam, ambako mistari hiyo huchomoza kutoka ardhini, ikiwa na rangi zilizohama kidogo kwenye kona bila mtu yeyote kuiharibu.

Kujua mambo hayo kwa vitendo ni kujua fizikia, hata kama aliyejua hakuwahi kuandika mlinganyo wowote, na ni haki kusema kwamba nchi haikuitambua elimu hiyo wakati ilipokuwa hai. Televisheni bapa ya leo inaweza kuwa na vinukta vya picha 1,920 kwa 1,080, jumla zaidi ya milioni mbili, kila kimoja kikiwa na sehemu tatu za rangi zinazoongozwa na transista zake zilizochapwa ndani ya kioo. Kitu kikipasuka au kuharibika humo, fundi hana mlango wa kuingilia. Hubadilisha taa za LED za nyuma na bodi za umeme, na akiambiwa kioo kimekufa humshauri mteja anunue nyingine. Televisheni bapa hutumia umeme mdogo zaidi kwa ukubwa uleule, ni nyepesi na picha yake haichezi, na hakuna anayepaswa kuusikitikia uzito wa kichogo kilichohitaji watu wawili kukibeba. Matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi walitabiri kwamba vichogo vingekufa siku hiyohiyo, lakini king'amuzi kilikuja na waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, zilizoingia vizuri nyuma ya seti za zamani, zikaendelea kuonyesha picha kwa miaka kadhaa. Kilichozimaliza ni bei ya televisheni bapa kushuka na viwanda vya mabomba kufungwa.

Mwale wenyewe haukustaafu. Mwaka 1931 mjini Berlin, Max Knoll na mwanafunzi wake Ernst Ruska, waliokuwa wakishughulika na uboreshaji wa bomba la aina ya Braun, walionyesha kwamba koili ya sumaku inaweza kuwa lenzi ya elektroni na kukuza umbo la kitu, na hivyo ikazaliwa hadubini ya elektroni, ambayo Ruska alituzwa Nobel kwa ajili yake mwaka 1986. Faida yake inatokana na mawimbi ya elektroni kuwa mafupi kuliko ya mwanga kwa maelfu ya mara, kiasi cha kuweza kubainisha vitu ambavyo mwanga unaviruka. Virusi vya Marburg, vilivyotambuliwa Ulaya mwaka 1967 baada ya watu kuambukizwa na tumbili waliotoka Uganda, na ambavyo mlipuko wake ulitangazwa mkoani Kagera Machi 2023, vinajulikana kuwa na umbo la uzi kwa sababu hadubini hiyo iliuonyesha uzi wenyewe. Mashine ya eksirei hospitalini nayo ni ndugu wa televisheni ya kichogo, maana ndani yake elektroni hurushwa kwenye kipande cha metali na kuzaa miale inayopenya mwili. Mwanafizikia wa Kijerumani Röntgen aliigundua miale hiyo mwaka 1895 alipokuwa akichunguza bomba la jamii hiyo. Simu zinazouzwa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, zina chipu ambazo michoro yake ya awali, ile inayowekwa kwenye bamba la kioo ili mwanga uichape kwa wingi, huchorwa na mwale wa elektroni unaoongozwa kwa kompyuta.

Udugu huo na eksirei ndio ulioacha tatizo lililobaki mitaani. Elektroni za volti 25,000 zikigonga bamba na kioo huzaa eksirei kidogo, na ili zisimfikie mtazamaji, watengenezaji walichanganya risasi ndani ya kioo, hasa cha faneli, ambacho karibu moja ya tano ya uzito wake inaweza kuwa oksidi ya risasi. Bomba likiwa zima risasi hiyo imefungika, lakini mnunuzi wa vyuma chakavu huitaka yoki kwa ajili ya shaba yake, na njia ya haraka ya kuipata ni kuvunja shingo, kisha kioo hutupwa mtaroni au kupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi pamoja na maganda ya ndizi. Mkataba wa Basel, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unakitaja kioo cha mabomba hayo miongoni mwa taka hatarishi, na risasi inayoingia kwenye udongo na maji hudhuru zaidi ubongo wa mtoto.

Kwa hiyo mwenye televisheni ya kichogo iliyokufa asiivunje wala asiwape watoto waichezee, kwani bomba lisilo na hewa likipasuka hurusha vipande kwa nguvu, na faneli yake huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Aifikishe ikiwa nzima kwa fundi, ambaye anajua kuutoa umeme huo kwa bisibisi iliyofungwa waya na kuichomoa shaba bila kukigusa kioo. Na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira pamoja na Jiji la Dar es Salaam wahakikishe kwamba vituo vya kupokea mabomba hayo viko karibu na vibanda vya mafundi hao, maana kioo kizito hakisafirishwi mbali kwa hiari.